Deni la marehemu: wafu wasiotulia wa Zama za Kati tunawasoma vibaya

Oktoba 2024 sura ya msichana mmoja wa Poland ilizunguka dunia nzima. Msichana huyo alifariki miaka ipatayo 400 iliyopita, akiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 20. Alizikwa katika kijiji cha Pień, kaskazini mwa nchi hiyo, mundu ukiwa umewekwa juu ya shingo yake na kufuli likiwa limefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Nicolaus Copernicus cha mjini Toruń walilifukua kaburi lake mwaka 2022, kisha msanii wa Sweden, Oscar Nilsson, akaijenga upya sura yake kwa kufuata fuvu. Vichwa vya habari vilimwita mnyonya damu, na wasomaji wengi wakaondoka na lile wanaloambiwa kila mara: hivi ndivyo watu wa Zama za Kati walivyoishi na wafu wao, kwa hofu na ujinga.

Kuna makosa mawili hapo, na la kwanza ni jepesi kulirekebisha. Karne ya 17 si Zama za Kati, ambazo huhesabiwa takribani kutoka karne ya 5 hadi ya 15. Ni karne ya Galileo na Newton. Habari za wafu wanyonya damu zenyewe zilienea Ulaya Magharibi baada ya ripoti za maofisa wa Austria kutoka Serbia, mwaka 1725 na 1732, zaidi ya miaka 200 baada ya Zama za Kati kwisha. Kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu linahusu maana. Ukisoma kumbukumbu zilizoachwa na watu wa Zama za Kati wenyewe, mfu asiyetulia anajitokeza kwanza kama mtu mwenye jambo ambalo halijamalizika: hakuungama, hakulipa, alidhulumu, alidhulumiwa, au alizikwa bila kutimiziwa haki yake. Na jamii yake ilikuwa na taratibu za kulimaliza jambo hilo. Visu na moto vilikuwepo, sitaki kuvificha, lakini vilikuja pale taratibu hizo ziliposhindwa au zilipochelewa, hasa maradhi yalipoingia kijijini. Anayeanza na mundu wa Pień anaisoma hadithi kuanzia mwisho.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kusafiri mbali ili aielewe hoja hii. Mazikoni kwetu, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, awaone wanafamilia. Hakuna anayeona tangazo hilo kuwa la kutisha. Ni wajibu. Watu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wa mwaka 1400 wangelielewa mara moja.

Imani hiyo haikuzuka mara moja wala haikuwa moja kwa watu wote. Karibu mwaka 421, Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimwandikia Paulino, askofu wa Nola huko Italia, kijitabu kuhusu namna ya kuwashughulikia wafu. Paulino alikuwa ameuliza kama kuna faida yoyote mtu kuzikwa karibu na kaburi la mtakatifu. Jibu la Augustino lilikuwa la tahadhari kubwa: kwa kawaida wafu hawajui tunayoyafanya, na mtu akimwota marehemu, marehemu mwenyewe hana habari, kama vile mtu aliye hai anavyoweza kuotwa na mwenzake asijue kitu. Kisha akatoa hoja ambayo kila ninapoisoma inanigusa. Kama wafu wangekuwa na uwezo wa kuwatembelea walio hai, alisema, mama yake Monika asingekosa kuja kwake hata usiku mmoja, yeye ambaye alipokuwa hai alimfuata mwanawe nchi kavu na baharini. Huyo ndiye mwalimu mkuu wa Kanisa la Magharibi, na alikuwa ameufunga mlango karibu wote.

Waliokuja baada yake waliufungua kidogo kidogo. Karibu mwaka 593 Papa Gregori Mkuu aliandika habari za Justo, mtawa wa monasteri yake mwenyewe huko Roma, aliyekutwa ameficha sarafu tatu za dhahabu kinyume cha nadhiri. Alipofariki, Gregori aliamuru azikwe na sarafu zake kwenye lundo la samadi. Baadaye akamwonea huruma, akaagiza Misa itolewe kwa ajili yake siku 30 mfululizo. Misa zilipokamilika, Justo alimtokea ndugu yake usiku akasema kwamba hadi wakati huo alikuwa taabani, lakini sasa yuko salama. Katika karne ya 11 abate Odilo wa Cluny, huko Ufaransa, akaweka tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote. Kufika mwishoni mwa karne ya 12 wanateolojia walikuwa wakiizungumzia toharani kama mahali penye jina lake, na mwaka 1274 Mtaguso wa Lyon ukatamka rasmi kwamba roho hutakaswa kwa adhabu baada ya kifo, na kwamba Misa, sala na sadaka za walio hai huzisaidia. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Marehemu wengi sasa hawakuwa mbinguni wala motoni. Walikuwa njiani, na aliye njiani anaweza kusaidiwa, anaweza pia kuomba msaada.

Katikati ya mabadiliko hayo ndipo alipoandika William wa Newburgh, mtawa wa Yorkshire, aliyekamilisha historia yake ya Uingereza karibu mwaka 1198. Vita na wafalme ndiyo kazi yake, lakini katika kitabu cha tano anasimama ghafla na kusimulia habari za maiti zilizotoka makaburini. Ya kwanza ni ya Buckinghamshire. Mwanamume mmoja alizikwa mkesha wa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Usiku uliofuata aliingia chumbani kwa mkewe, akamlalia kwa uzito uliokaribia kumponda. Mke akaita watu wakeshe naye. Mume akahamia kwa ndugu zake waliokuwa wakiishi mtaa uleule, nao wakakesha. Akahamia kwa mifugo, na mwishowe akaanza kuonekana hata mchana. Shemasi mkuu wa eneo hilo, ambaye ndiye aliyempa William habari hizi, alimwandikia Hugh, askofu wa Lincoln. Washauri wa askofu walimweleza kwamba mambo kama hayo yametokea mara nyingi Uingereza, na kwamba dawa inayojulikana ni kuufukua mwili na kuuchoma. Hugh aliona jambo hilo halifai wala haliheshimu. Aliandika kwa mkono wake barua ya maondoleo ya dhambi, akaagiza iwekwe juu ya kifua cha maiti. Kaburi likafunguliwa, mwili ukakutwa ulivyolazwa, barua ikawekwa, kaburi likafungwa. Mtu yule hakuonekana tena.

Tuichunguze hatua hiyo ya Hugh. Hakusema mke anaota wala hakuwaita watu wa mtaa ule wajinga. Alikubali kuna tatizo, akakubali hata kaburi lifunguliwe. Alichokibadilisha ni dawa: badala ya moto akaweka msamaha wa maandishi, wenye mamlaka ya askofu. Na dawa hiyo ilidumu. Karibu mwaka 1400, miaka 200 baadaye, mtawa mmoja wa abasia ya Byland, jirani kabisa na Newburgh, aliandika kwenye kurasa zilizobaki tupu za kitabu cha zamani hadithi 12 za mizuka ya eneo lake. Katika mojawapo, mshonaji nguo aitwaye Snowball anashambuliwa njiani na kunguru ambaye kumbe ni marehemu. Marehemu anamwomba amtafutie maondoleo ya dhambi na Misa 180. Snowball anakwenda York, anapata maondoleo yaliyoandikwa, anayafukia katika kaburi la marehemu, Misa zinasomwa, shauri linakwisha. Sura ya kutisha ilikuwa mwanzo tu wa mazungumzo. Mtu akishakuwa na ujasiri wa kuuliza kwa jina la Mungu, mzuka unajieleza. Hadithi nyingine ya Byland inasema vijana walimkamata kwenye lango la kanisa mfu aliyekuwa akizurura usiku huku mbwa wakimfuata na kubweka, akaomba aletewe padri aungame. Alizungumza bila ulimi, sauti ikitoka tumboni kama ndani ya pipa tupu. Aliungama, akaondolewa dhambi, akatulia.

Sasa niukabili upande wa pili, maana ushahidi wake upo katika kitabu kilekile cha William. Katika ngome anayoiita Anantis, mtu mwenye tabia mbaya alijificha juu ya boriti ya chumba chake ili amfumanie mkewe, akaanguka na kuumia vibaya. Padri alimsihi aungame na kupokea Komunyo. Yeye akaahirisha hadi kesho yake, na usiku huohuo akafa. Baada ya kuzikwa akaanza kutembea, mbwa wakimfuata, na maradhi yakaingia mjini hadi nyumba zikabaki tupu. Jumapili ya Matawi padri alikuwa ameketi na watu wenye hekima wakishauriana. Vijana wawili waliofiwa na baba yao katika maradhi yale hawakusubiri mashauri. Walichukua koleo butu, wakachimba, wakaukuta mwili umevimba kupita kiasi na uso umewiva kwa wekundu. Walipoupiga, damu nyingi ikatoka, hata wakauona kuwa ni ruba aliyefyonza damu za watu wengi. Wakauburuta nje ya mji, wakautoa moyo, wakauchoma. Hiyo ndiyo sehemu inayopendwa na wanaotaka wanyonya damu wa Zama za Kati, na sina nia ya kuikwepa. Ila tazama inavyokuja: mtu aliyeahirisha kuungama, mji uliojaa misiba, padri aliyechelewa kuamua, watoto waliofiwa. Moto ulikuja baada ya haya yote.

Wasomi wa kisasa wametoa maelezo kadhaa ya visa hivi. La kwanza ni la kitabibu: watu hawakuelewa namna mwili unavyooza. Maiti huvimba kwa gesi, ngozi hubadilika rangi, majimaji mekundu hutoka mdomoni, na anayefukua kaburi baada ya wiki mbili anaweza kudhani marehemu amenenepa kwa damu ya wengine. Maelezo haya yana nguvu, na mwili wa Anantis unayathibitisha neno kwa neno. Lakini yanaeleza kile watu walichokiona baada ya kufukua. Hayaelezi kwa nini walikwenda kwenye kaburi hilo na kuyaacha mengine yote, ambamo miili ilikuwa ikivimba vilevile. Kaburi lilichaguliwa kwanza kwa sifa ya mtu na namna alivyokufa. Sayansi ya uozo inamhusu maiti; swali letu linahusu majirani zake.

Maelezo ya pili yanasema haya ni mabaki ya dini za kale za Ulaya Kaskazini yaliyofunikwa na Ukristo mwembamba. Hapa naona nusu ya ukweli. Masimulizi ya Iceland yamejaa wafu wenye miili mizito wanaovunja mapaa na kuua wachungaji, na yana ladha ambayo haikutoka Roma. Hata hivyo, hata huko kuna mkasa wa Fróðá, katika saga ya Eyrbyggja, unaoelezwa kutokea karibu mwaka 1000, ambamo wafu waliolowa maji ya bahari wanaingia ndani kila jioni na kuketi kando ya moto. Dawa yao? Mahakama inawekwa mlangoni. Wafu wanasomewa shtaka la kuingia nyumba ya watu bila ruhusa na kuwaondolea wenyeji afya na uhai, mmoja baada ya mwingine anahukumiwa kwa utaratibu wa kawaida wa sheria, anainuka, anasema neno lake na kuondoka. Kisha padri ananyunyiza maji ya baraka na kusoma Misa. Watu wa Fróðá waliwaona wafu kuwa wanaweza kushtakiwa, na wafu wakaiheshimu hukumu. Kwa Uingereza, William mwenyewe anatupa kizuizi kingine. Anasema alitafuta katika vitabu vya kale asione mifano ya jambo hili, ingawa wazee wa kale waliandika hata mambo madogo, na kwamba asingeliamini kama mashahidi wa wakati wake wasingekuwa wengi. Kwake lilikuwa jambo jipya. Kuliita mabaki ya kale ni kulitupilia mbali neno la shahidi aliye karibu nalo kuliko wote.

Maelezo ya tatu yanalilaumu Kanisa: lilitengeneza mizuka ili liuze Misa. Hili nalipima kwa uzito, maana fedha zilihusika kweli. Misa 180 hazikusomwa bure, na matajiri waliacha mashamba na nyumba ili mapadri walipwe kuwaombea kizazi baada ya kizazi. Lakini ukikaa na hadithi za Byland unaona madai ya wafu ni mapana kuliko mfuko wa padri. Mtawa wa Newburgh aliyekufa akiwa ametengwa na Kanisa kwa sababu ya vijiko vya fedha anamwelekeza mtu mahali alipovificha, avirudishe kwa mkuu wa nyumba ya watawa na kumwombea maondoleo. Kanisa halikosi kuadhiriwa pia. Hadithi moja inamtaja James Tankerlay, paroko wa Kirkby, aliyezikwa Byland penyewe mbele ya ukumbi wa mikutano ya watawa. Usiku mmoja alitoka kaburini akaenda Kirkby, akalipofua jicho la aliyekuwa hawara yake kwa kulipulizia. Abate na watawa wake waliamua jeneza lifukuliwe, likapelekwa kwa mkokoteni na kutupwa katika ziwa la Gormire. Ng'ombe waliokokota nusura wazame kwa hofu. Mwandishi anaomba asipate madhara kwa kuyaandika haya, maana ameandika kama alivyosikia kwa wazee. Kama lengo lingekuwa kutangaza biashara ya Misa, hadithi ya paroko mwenye hawara ambaye abasia ilimtupa ziwani isingeandikwa na mtawa wa abasia hiyohiyo.

Hadithi ya Byland ambayo ningependa kila mtu aijue ni ya Richard Rowntree wa Cleveland, eneo la Yorkshire. Alimwacha mkewe mjamzito, akaenda na wenzake hija kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela. Usiku mmoja walilala msituni karibu na barabara, yeye akiwa zamu ya ulinzi. Akasikia kishindo, kisha akaona msafara wa wafu ukipita, wamepanda farasi, kondoo na ng'ombe, wanyama waliotolewa kanisani siku ya maziko yao. Nyuma kabisa kitu kidogo kikija kinajiviringisha chini, kimo ndani ya soksi ndefu. Akakiuliza ni nani na kina shida gani. Kikamjibu kwamba hapaswi kukiapiza, maana yeye ni baba yake, nacho ni mwanawe aliyezaliwa kabla ya wakati, akazikwa bila ubatizo na bila jina. Richard alivua shati lake, akamvisha mtoto, akampa jina kwa jina la Utatu Mtakatifu. Mtoto ambaye dakika moja kabla alikuwa akijiviringisha akasimama kwa miguu yake, akashangilia. Richard akaihifadhi ile soksi. Aliporudi nyumbani aliandaa karamu ya majirani, akamwomba mkewe amletee soksi zake. Mke akapata moja tu. Richard akaitoa ya pili, na wakunga wakakiri ukweli wote. Kisha unakuja mstari ambao hautazamiwi: ndoa yao ilitenguliwa, kwa sababu kwa kumbatiza mwanawe Richard alikuwa amekuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa mkewe, jambo lililokatazwa na sheria ya Kanisa. Mtawa anaongeza kwamba, kwa maoni yake, utengano huo ulimchukiza sana Mungu.

Hapo ndipo ile hoja dhaifu kuliko zote, kwamba watu hawa walikuwa wajinga waliotawaliwa na hofu, inaposhindwa kabisa. Wanaoishikilia hawajasoma. Watu wa Berwick, mji wa mpakani mwa Uingereza na Scotland, William anasimulia, waliamua kuuchoma mwili wa tajiri mmoja aliyekuwa akizunguka usiku kwa sababu walihofia hewa iliyochafuliwa na maiti ingeleta tauni. Ndivyo udaktari wa wakati huo ulivyofundisha kuhusu maradhi. Walichagua vijana kumi hodari, wakaukatakata mwili na kuuteketeza. Tauni ikaja vilevile. Walikosea kuhusu chanzo cha ugonjwa, kama walivyokosea madaktari wa Ulaya hadi karne ya 19, lakini walikuwa wakifikiri, wakipima, wakichukua hatua ya kuwalinda watu wao. Na mtawa anayethubutu kuandika kwamba sheria ya Kanisa lake imemchukiza Mungu, kwa ajili ya Richard, mkewe na mtoto asiyebatizwa, ana dhamiri inayofanya kazi.

Kinachonisumbua mimi katika ushahidi huu ni suala la mamlaka, na linazungumzwa kidogo mno. Deni la marehemu liliandikwa na nani? Abate Geoffrey wa Burton, huko Uingereza, aliyeandika katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, anasimulia habari ya wakulima wawili wa Stapenhill waliokuwa chini ya abasia yake, wakatoroka kwenda kuishi Drakelow chini ya bwana mwingine, Roger wa Poitou. Wote wawili wakafa ghafla siku moja, wakazikwa Stapenhill, na jioni ileile wakaonekana Drakelow wamebeba majeneza yao mabegani. Ugonjwa ukawamaliza karibu wanakijiji wote. Kwa ruhusa ya askofu makaburi yalifunguliwa, vichwa vyao vikakatwa na kuwekwa katikati ya miguu, mioyo ikatolewa na kuchomwa. Dhambi yao katika simulizi hii ni kumkimbia mwenye ardhi. Geoffrey aliiandika katika kitabu cha miujiza ya Modwenna, mtakatifu mlinzi wa abasia, na kila mkulima aliyeisikia alielewa anaonywa nini. Kwa hiyo ninaposema jamii ilikuwa na taratibu za kumaliza jambo la marehemu, sisemi taratibu hizo zilikuwa za haki kwa wote. Mwenye ndugu, fedha na jina alipata barua ya askofu na Misa. Mtoro alipata kisu, tena kwa idhini ya askofu.

Swali hilohilo linaikabili Wharram Percy, kijiji cha Yorkshire kilichohamwa. Mwaka 2017 watafiti wa Historic England, taasisi ya kutunza mambo ya kale, na Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha uchunguzi wa vipande 137 vya mifupa ya watu wasiopungua kumi, wa kati ya karne ya 11 na ya 14, iliyokutwa shimoni ndani ya kijiji, nje ya makaburi ya kanisa. Ilikuwa na alama za visu, nyingi kwenye kichwa na shingo, na nyingine ilichomwa ingali na nyama. Watafiti walipima uwezekano wa watu kula watu wakati wa njaa. Alama za visu hazikukaa mahali pa kuchuna nyama. Walipima pia uwezekano kwamba walikuwa wageni. Kemia ya meno ikaonyesha walikulia palepale. Wakaona maelezo yanayolingana zaidi na mifupa ni hofu ya wafu wanaotembea. Nayakubali kwa tahadhari, kwa sababu moja: wafu wa William na wa Geoffrey ni wanaume watu wazima, ilhali shimo la Wharram Percy lina wanawake na watoto pia. Ama waandishi walituficha sehemu ya desturi, ama mifupa ile inasimulia kitu kingine. Watoto wale hawakuwa na deni ambalo maandishi yetu yanalijua, na mpaka hilo lipate maelezo sioni sababu ya kulifunga faili.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachotupa kipimo. Mwaka 1547, chini ya mfalme kijana Edward VI, sheria ilifuta nchini Uingereza vikanisa vyote vilivyowekwa wakfu kwa Misa za marehemu na kuchukua mali zake. Kifungu cha 22 cha imani ya Kianglikana kikaitamka toharani kuwa mafundisho ya bure yasiyo na msingi katika Maandiko. Watu hawakuacha kuiona mizuka. Walichopoteza ni la kufanya wakiiona. Wahubiri waliwaambia kwamba roho ya baba yako haiwezi kurudi, kwa hiyo anayekujia kwa sura yake ni shetani au ni macho yako yanakudanganya. Snowball wa mwaka 1400 alikuwa na pa kwenda: York, kwa mapadri, kisha kaburini na hati yake. Mjukuu wa mjukuu wake hakuwa na pa kwenda, na naamini sehemu kubwa ya mzuka wa kutisha tunaoujua leo, yule asiyeweza kusemeshwa wala kusaidiwa, ilizaliwa katika upungufu huo. Poland ilibaki ya Kikatoliki, na msichana wa Pień anahitaji maelezo yake mwenyewe, ya karne yake yenye vita na tauni. Kumbandika jina la Zama za Kati kunamnyima maelezo hayo.

Mgogoro huu ulifika kwetu ukiwa mzima. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 walileta tarehe 2 Novemba ya Odilo, na hadi leo Wakatoliki wa Tanzania na Kenya wanaandika majina ya wafu wao kwa ajili ya sala za mwezi huo na kuomba zile Misa 30 za Gregori. Waanglikana wa shirika la kimisionari la UMCA, walioweka makao Zanzibar mwaka 1864, walikuwa na mwelekeo wa kuwaombea marehemu. Waanglikana wa shirika jingine la kimisionari, CMS, na Walutheri walikuja na mlango uliokwisha kufungwa katika karne ya 16. Ndiyo maana katika familia moja ya Kilimanjaro, msiba uleule, mjomba Mkatoliki anataka Misa ya marehemu na shangazi Mlutheri anasema aliyelala amelala, tushukuru tu kwa maisha yake. Wote wawili wana hoja ya kale yenye wasomi nyuma yake. Mjomba amesimama na Gregori. Shangazi amesimama na wahubiri wa mwaka 1547, na kuhusu kutojua kwa wafu angeweza kumnukuu Augustino. Wala Augustino hana upande mmoja, maana katika kijitabu kilekile alichomwandikia Paulino alisisitiza kwamba Kanisa lisiache kuwaombea marehemu wote, hata wale wasio na mzazi, mtoto wala ndugu wa kuwakumbuka.